Maswali ya Wasomaji: AutoWorld ilikufa kwa nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma ufundi wa magari. Ukisimulia masomo yako Marekani uliwahi kutaja AutoWorld, jumba la burudani la magari lililofungwa mapema. Lilikuwaje, na lilishindwa kwa nini? Leo pale pana nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kuulizwa na fundi, maana nikiikumbuka AutoWorld, cha kwanza kunijia ni ile injini. Ilikuwa na urefu wa kama ghorofa tatu, imesimama ndani ya jumba, pistoni zinapanda na kushuka juu ya vichwa vyetu. Nilisimama chini yake mpaka wenzangu wakanivuta mkono.

Jumba lilikuwa Flint, jimbo la Michigan, mji ilikozaliwa General Motors mwaka 1908. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wapatao 80,000 wa eneo lile walikula mkate wa kampuni hiyo. Kisha kazi zikaanza kupungua, na wakubwa wa mji wakaona watalii ndio watakaoziba pengo. Zikamwagwa dola zaidi ya milioni 70, nyingine za Mfuko wa Mott, taasisi ya hisani ya mjini hapo, nyingine za umma. Ukumbi wa zamani wa IMA, chama cha wafanyakazi wa viwandani, ukageuzwa na kuongezewa kuba, kampuni ya viwanja vya burudani ya Six Flags ikakabidhiwa uendeshaji, na milango ikafunguliwa tarehe 4 Julai 1984.

Mimi nilikuwa nasoma East Lansing, mwendo wa kilomita themanini hivi, tukaenda msimu ule ule wa mapukutiko. Ndani palijengwa mtaa wa Flint ya kale, palikuwa na gurudumu la kupanda, na vigari vya kukutembeza katika historia ya gari kwa vichekesho. Lakini kilichonikaa rohoni ni sanamu ya mfanyakazi wa kiwandani, ikiiimbia roboti wimbo wa urafiki. Roboti yenyewe ndiyo inayokuja kuchukua kazi yake! Na pale mjini, wengi walikuwa wameshaachishwa kazi.

Watu husema lilishindwa kwa sababu michezo ilikuwa michache, na ukishaona mara moja huna la kurudia. Ni kweli. Walitarajia wageni karibu 900,000 kwa mwaka, hesabu ambayo haikufika hata karibu, na Januari 1985 wakafunga. Baadaye lilifunguliwa tena kwa vipindi, halikupata nguvu. Ila kwangu mimi kosa kubwa liko kwenye ile sanamu. Hakuna aliyemuuliza mtu wa Flint anataka kuona nini kuhusu maisha yake mwenyewe. Mtu aliyefunga boliti miaka ishirini hawezi kulipa kiingilio aonyeshwe kibaraka kikiimba kwa furaha huku kikipokonywa riziki. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu fedha zile na ule ufundi wa injini vilistahili fikra bora.

Jengo lilibomolewa mwaka 1997, na leo mahali pale ni pa Chuo Kikuu cha Michigan-Flint. Ukijaliwa kufika, nenda Factory One, karakana iliyokarabatiwa ya magari ya farasi ya Durant, mwanzilishi wa General Motors, na mwenzake Dort, kando ya mto Flint. Humo utakuta kumbukumbu za viwanda, na wewe kama fundi, omba kuonyeshwa picha za mafundi wakiwa kazini.