Maswali ya Wasomaji: Mlango wa Tezi kwenye Boti ya Faiba

SWALI: Ndugu Mhariri, nina boti ya faiba ya kuvulia yenye urefu wa mita 7 na injini moja ya nje iliyofungwa katikati ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Kupandisha samaki wakubwa juu ya ukingo kunatuchosha, nami nataka kukata mlango kwenye ukuta wa tezi, kando ya injini. Je, boti haitadhoofika? Na mlango ufungukie ndani au nje?

JIBU: Ndugu msomaji, inawezekana, lakini ukuta huo hauzuii maji tu. Ndio unaobeba injini na kupokea msukumo wake wote, na ukingo wake wa juu hushikanisha mbavu mbili za boti, kwa hiyo ukiukata ni lazima nguvu iliyopotea irudishwe kwa njia nyingine.

Anza na sitaha. Pakia boti kama siku ya kazi, tangi likiwa limejaa na watu wawili wakiwa wamesimama tezini, kisha utazame maji yanafika wapi kwa nje. Ikiwa sitaha iko chini ya usawa huo, au ikiwa maji yanayoingia hayatoki yenyewe bali hushuka ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, nakusihi uliache wazo hili. Hata sitaha ikiwa juu, bakiza kizingiti.

Pili, gonga ukuta mzima kwa nyundo ndogo. Boti nyingi za faiba zina plaiwudi katikati ya ukuta huo. Palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza hutoa sauti nzito. Ukiwa na shaka, toboa tundu dogo kwa ndani: unga wa mbao ukitoka mweusi na wenye unyevu, tengeneza ukuta kwanza.

Kazi yenyewe huharibikia kwenye kingo za mkato, maana hapo ndipo mbao inapobaki wazi na kunywa maji kimyakimya. Chimbua mbao hiyo kuingia ndani kama sentimita 2 kuzunguka tundu lote, jaza epoksi, gundi ya sehemu mbili inayoganda ikichanganywa, iliyokolezwa kwa unga wake, kisha funika kwa matabaka ya kitambaa cha faiba yanayopanda nyuso zote mbili za ukuta. Poliesta, gundi ya kawaida ya kutengenezea faiba, haishiki vizuri juu ya faiba ya zamani, hivyo tumia epoksi. Kwangua jelikoti yote, yaani tabaka la nje linalong'aa, na usage mteremko wenye upana wa milimita 12 kwa kila milimita 1 ya unene wa faiba, ukiwa umevaa barakoa na miwani. Pembe za chini zikatwe kwa mviringo, kwa kuwa pembe kali ndizo zinazoanza kupasuka. Kisha jenga magoti mawili ya faiba, yaani vishikizo vya pembe, moja kila upande wa tundu, yaliyoungwa na ukuta na sitaha.

Kuhusu mlango, mimi ningechagua ufungukie ndani. Unaofungukia nje hukazwa na mawimbi ukiwa umefungwa, lakini ukifunguka boti ikiwa mwendoni, maji huweza kuung'oa. Wa ndani una udhaifu wake: unaporudi kinyumenyume, bahari husukuma komeo, kwa hiyo weka makomeo mawili imara pamoja na mpira wa kuzuia maji. Bolti za bawaba zipite hadi upande wa pili na kukazwa kwa wesha pana. Kila tundu litobolewe kubwa kwanza, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya kwa kipimo cha bolti.