Mtoto Ametoroka, na Unahisi Anatumia Unga wa Kulevya

Kitu cha kwanza kupotea ndani kilikuwa pasi. Ikafuata redio ya baba yake, kisha mtungi mdogo wa gesi. Mwanangu alikuwa na miaka 16, yuko kidato cha tatu, na kwa sababu ya ile pasi nilimfukuza dada wa kazi. Baadaye nilimtafuta mpaka kwao nikamwomba radhi. Naanza na hilo kwa sababu huenda hata wewe sasa hivi unamshuku kila mtu wa nyumba yako isipokuwa mmoja.

Siku tuliyogundua kwamba ni yeye anayeviiba, baba yake alimchapa mkanda. Mimi nilisimama mlangoni na sikumzuia. Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu, sare ya shule imekunjwa vizuri, viatu vimewekwa juu yake. Nilizishika zile nguo nikajua huyu hakukimbia kwa hasira tu, ameaga.

Nenda polisi siku hiyohiyo. Askari wa zamu aliniambia nisubiri, eti vijana hurudi wakishikwa na njaa. Nikarudi mchana na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikauliza Dawati la Jinsia na Watoto, nikapewa RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni mkubwa, atajijua. Ipo pia namba 116, ya kupiga bure kwa mambo ya watoto. Usione aibu. Mimi aibu ilinipotezea siku mbili nzima, nikiwadanganya majirani kwamba kaenda kwa bibi yake Tanga.

Nilimtafuta siku 19. Stendi, sokoni, chini ya madaraja, kwa wauza chuma chakavu. Aliyenisaidia hakuwa ndugu wala askari. Alikuwa kaka mmoja anayebeba mizigo sokoni, aliyewahi kuvuta unga miaka mingi na sasa kila asubuhi anakwenda kunywa dozi yake ya methadone, dawa ya hospitali inayosaidia watu kuacha heroini. Muuza supu ndiye aliyenielekeza kwake. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akaitazama, akasema, "Huyu dogo namjua. Lakini mama, usije na polisi, usije na hela. Na siku ya kwanza usimwambie arudi."

Hilo la mwisho lilinishinda. Siku 19 nimlilie mtoto, halafu nimkute nisimwambie twende nyumbani? Akanieleza kuwa mtoto aliyekimbia kipigo akimwona mzazi anahesabu njia za kukimbilia kabla hajasikia hata neno moja. Ukimshika mkono, kesho atahama kijiwe, na safari hii hutamwona tena.

Nikaenda na chapati na maharage kwenye kontena la plastiki. Alikuwa amekaa juu ya gunia, midomo imepasuka, kandambili si zake, moja nyekundu na moja ya bluu. Nilitamani nimbebe. Nikakaa chini. Akala bila kuniangalia. Nikamwambia, "Baba, nimekuona. Kesho nitakuja tena saa kumi." Nikaondoka miguu inatetemeka. Nilikwenda siku nne mfululizo. Siku ya nne aliuliza, "Baba bado ana hasira?" Nikamjibu ukweli, kwamba ana hasira, lakini ameniapia hatainua mkono. Kiapo hicho nilikuwa nimekidai kwa mume wangu kabla, mbele ya kaka yake mkubwa. Usimrudishe mtoto nyumbani kabla hujamaliza kesi na watu wazima wenzako.

Jioni ile tulirudi wote. Sikumuuliza chochote kuhusu unga. Alioga, akala, akalala.

Usiku wa pili akaanza kupiga miayo mfululizo, mafua yanamtiririka, jasho, mwili unamuuma, anatapika. Mjini wanaita arosto, yaani mwili unadai dawa uliyoizoea. Ukiona hivyo usidhani ni malaria tu, na usimfungie chumbani akajikaze. Mpeleke hospitali. Yeye alidhani anavuta bangi, kumbe ilikuwa kokteli, bangi iliyochanganywa na heroini, na wakubwa wa kijiweni hawakumwambia. Daktari alisema kwa hali yake haikuhitajika methadone. Akapewa dawa za kutuliza maumivu na kutapika, kisha ushauri nasaha kila wiki. Kwa waliozama zaidi, methadone ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine, nayo hutolewa bure. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba 119, ya bure pia. Watakuelekeza kituo kilicho karibu nawe.

Kuna jambo moja naomba ulishike hata ukisahau mengine yote. Aliyeacha kwa wiki kadhaa mwili wake umeshasahau ile dozi ya zamani. Akirudia kipimo kilekile anaweza kufa. Ukimkuta amelala haamki, anakoroma kwa shida, pumzi zinakuja mojamoja na midomo inakuwa ya bluu, huo si usingizi. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali, na mseme wazi alichotumia. Daktari anataka kujua amtibu vipi.

Ndugu watakuja na mengi. Mjomba wake alitaka tumfunge kamba. Shangazi alileta kombe, nikalipokea kwa heshima, na kliniki tukaendelea. Wengine walitaka aende soba hausi, nyumba wanakokaa watu wanaoacha dawa za kulevya. Zipo nzuri, lakini nenda kwanza mwenyewe, uliza kama imesajiliwa, uliza daktari anakuja lini, ongea na vijana waliomo bila msimamizi kusikiliza. Mahali nilipoambiwa nisimwone mtoto kwa miezi mitatu, niligeuza palepale.

Hela mkononi nimeacha kumpa. Bodaboda namlipa mimi. Neno teja nimelipiga marufuku nyumbani, hata kwa utani, maana dada yake alimwita hivyo siku moja na kijana hakula siku nzima.

Mwaka huu ametoroka tena mara moja, usiku mbili. Nilichukua lile kontena nikamfuata. Sasa anajifunza ufundi friji kwa fundi wa mtaani, na Jumatano tunakwenda kliniki pamoja. Hushuka kituo kimoja kabla ili wenzake wasimwone na mama. Mimi hupitiliza, nikamsubiri getini.