Shangazi, jumuiya inakuja kwangu na sina pilau

"Tumsifu Yesu Kristo, shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumepanga vyumba viwili huku Mbagala. Jumuiya yetu husali kila Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamani tulikuwa tunasali, tunaagana. Siku hizi kila mwenye zamu anapika. Mmoja alitoa chapati na supu, aliyefuata akatoa pilau na soda. Zamu yangu ni wiki mbili zijazo. Nauza mchicha, mume wangu ni kibarua. Nimewaza nikope kwenye kikoba, au niseme nimesafiri. Nishauri."

Milele amina, mwanangu. Usikope, wala usisafiri. Wapokee.

Aibu unayoisema naijua. Niliwahi kukopa kwa ajili ya zamu kama hiyo. Niliamka saa tisa usiku, na watu walipofika nilibaki jikoni nageuza wali huku nikihesabu vichwa kupitia pazia. Injili iliyosomwa sebuleni kwangu asubuhi ile sikuisikia. Deni nililipa miezi mitatu.

Ndiyo maana napenda kumtetea Martha, yule aliyehangaika na kuhudumia Yesu alipokuwa mgeni nyumbani kwake. Bwana hakumkemea kwa kupika, maana yeye mwenyewe alikula nyumba nyingi. Alimwonea huruma kwa kuhangaikia mambo mengi. Na baada ya kufufuka, pale ufukweni mwa ziwa, alipika mwenyewe: moto wa makaa, samaki na mkate, kisha akawaita wanafunzi waliokesha wakivua, "Njoni mfungue kinywa." Hicho ndicho chakula cha asubuhi ninachokifahamu mimi katika Injili, na hakuna aliyehitaji kukopa ili akiandae.

Basi nawe wafungulishe kinywa kwa uji. Mkiwa watu ishirini, lita tano zinatosha kila mtu kikombe, na nusu kilo ya unga wa ulezi itakupa uji mwepesi wa kunyweka. Ukoroge kwanza unga kwa maji baridi ndipo umimine kwenye maji yanayochemka, usije ukafanya madonge. Karanga za kusaga zikipatikana, tia. Ukwaju au limau kidogo, sukari kiasi. Kando yake mihogo ya kuchemsha na chumvi. Upike usiku ule mihogo, uji uuache kwa binti yako mkubwa auangalie wakati wa tafakari, ili wewe ukae mkekani na wenzako. Hilo la kukaa nakusisitizia kuliko uji wenyewe.

Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, na nabii Eliya, mgeni wake, alikula hicho hicho walichokuwa nacho. Mgeni anayeingia kwako anastahili kula unachokula. Ukimpa cha kukopa, unampokea katika nyumba isiyo yako.

Sasa nina neno kwa wale waliokutangulia, na naomba uwafikishie kwa upole. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele, mwaka 1976, walitaka waumini wajuane kwa karibu, mmoja akiugua mwingine ajue. Jumuiya ambayo mama muuza mchicha anaiogopa hata kufikiria kudanganya safari, hiyo inahitaji kusaidiwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa uchungu kwa sababu hii hii: walikusanyika, wenye navyo wakala wakashiba, wasio navyo wakatahayari. Nenda kwa mwenyekiti wako kabla ya zamu yako, uzungumze naye peke yenu. Pendekeza nyumba zote zitoe uji au chai tu, na anayetaka kupika pilau apeleke sufuria hiyo kwa mgonjwa wa jumuiya au kwa wajane. Sidhani kama uko peke yako. Wapo wengine wanaohesabu wiki kwa hofu kama wewe, wamenyamaza tu.

Mume wako mshirikishe. Mwambie yeye ndiye atakayewakaribisha mlangoni.

Viti visikusumbue. Tandika mkeka, wazee uwaazimie viti kwa jirani. Na huyo jirani aliyekuazima, hata kama ni Mwislamu, mpelekee kikombe chake kabla uji haujapoa.

Shangazi