Je, KiDS walilivuta jibu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha hisabati kidato cha sita hapa Tanga. Nimesoma kuwa mwaka 2020 mradi wa KiDS, unaochunguza anga kwa darubini, ulipima jinsi maada ilivyojikusanya ulimwenguni ukapata S8 (namba inayoeleza ukubwa wa mkusanyiko huo) ya 0.766, ilhali setilaiti ya Planck, iliyopima mnururisho wa kale wa ulimwengu, ilikuwa imetoa 0.832. Mwaka 2025 KiDS haohao wakaja na 0.815. Hawakulivuta jibu lifike walikotaka?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Hawakulivuta.

Mwanga wa galaksi za mbali hupindwa njiani na uvutano wa maada, nyingi yake isiyoonekana, na umbo la galaksi hubadilika kwa asilimia 1 hivi. Lakini galaksi zenyewe zina ubapa wa asili unaozidi badiliko hilo zaidi ya mara 20. Galaksi moja haikuambii kitu. Mwaka 2020 KiDS walitumia milioni 21, zilizopigwa picha na darubini ya VST iliyoko Paranal, Chile.

Hapo dhana za takwimu zinaingia: kwamba makosa yanafuata mgawanyo wa Gauss (ule wa umbo la kengele), na kwamba tunaijua matriksi ya kovariansi, yaani jedwali la jinsi kosa la kipimo kimoja linavyoandamana na la kingine. Hii ya pili imeninyima usingizi. Katika tasnifu yangu nilikuwa na vipimo 150 na maigizo 120 ya kompyuta, yaani ulimwengu bandia wa kukadiria matriksi hiyo. Matriksi haikuwa na kinyume (inverse), kinachohitajika kukokotoa ukubwa wa makosa, na haiwezi kuwa nacho maigizo yakiwa machache kuliko vipimo. Nikaongeza hadi 200, kinyume kikapatikana, nikachora grafu. Msimamizi wangu, namshukuru hadi leo, akaniuliza kama nimezidisha kinyume hicho kwa sahihisho la Hartlap na wenzake la mwaka 2007: (200−150−2)/(200−1), yaani 0.24. Kipeuo cha pili cha 1/0.24 ni takriban 2. Mistari yangu ya makosa, ile inayoonyesha kwenye grafu ukubwa wa shaka, ilikuwa nusu ya urefu unaostahili. Mwaka 2016 Sellentin na Heavens wakaonyesha kuwa hata sahihisho hilo halitoshi: matriksi iliyokadiriwa kwa maigizo inadai mgawanyo wa aina ya t, wenye mikia minene kuliko wa Gauss.

Kwa hiyo nami nilipoona 0.766 nilishuku kovariansi. Nilikosea. KiDS waliikokotoa kwa fomula, bila kutegemea maigizo machache. Sababu kubwa ya tofauti kati ya 0.766 na 0.815 ilikuwa umbali. Galaksi milioni 21 huwezi kuzipimia umbali moja moja. Unakadiria kwa rangi zake, kupitia vichujio 9. Ukiziweka mbali kuliko zilivyo, utatarajia mpindo mkubwa; ukikuta mdogo, utasema maada haikujikusanya sana. Mwaka 2025 KiDS wenyewe walitaja makadirio bora ya umbali kuwa chanzo kikuu cha badiliko, pamoja na eneo jipya la anga na uchakataji mzuri zaidi wa picha.

Na wachambuzi walikuwa wamefumbwa macho. Data ya kweli ilichanganywa na matoleo yaliyobadilishwa makusudi, na hakuna aliyejua ipi ni ipi mpaka maamuzi yote ya uchambuzi yalipokamilika.

Wape vijana wako hesabu hiyo ya 200 na 150, kisha waweke maigizo 1,000. Watapata 0.85, na sahihisho litarefusha mistari ya makosa kwa asilimia 8 au 9 tu.