Oili kwenye paipu ya intakula, Forester turbo

Mkuu, umeuliza kuhusu oili uliyoikuta kwenye paipu za intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na fundi wako anayetaka kuziba hozi za mvuke. Oili kidogo isikutie presha sana, ule ni mvuke wa sampo (bakuli la oili chini ya injini). Kuna gesi zinapenya kwenye ringi za pistoni zinashuka chini zinachanganyika na oili, sasa gari ikiunguruma tu bila kukanyaga mafuta valvu ya PCV (inayopitisha hizo gesi zirudi kuchomwa) inafunguka na manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) inazivuta, ila ukikanyaga turbo ikajaza hewa, valvu inajifunga ili presha isirudi kwenye sampo, kwa hiyo mvuke unatokea kwenye zile hozi za tapeti kava (kifuniko cha valvu za injini) unaingia kabla ya turbo, ndo maana paipu inalowa.

Hilo la fundi kutaka kuziba hizo hozi usikubali KABISA, presha ikikosa pa kutokea inasukuma sili za krenki na gari itaanza kuvuja. Anza na PCV, ichomoe uitikise, isipolia kacha kacha badilisha, na hozi zilizokakamaa pia.

Kikopo cha kunasa oili, kile kinachofungwa kwenye hozi ya mvuke, ni kizuri ila kiwe na wavu ndani, kile kitupu cha bei chee mvuke unapita tu, na unachomwaga usirudishe kwenye injini kina maji na petroli. Kama oili inapungua haraka na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka moshi unapuliza kwa nguvu, pima kompresheni (presha ndani ya silinda) kwanza, ringi zikishaisha hata ufunge vikopo vitatu havisaidii