Subaru ikianza kugonga, usikubali injini ishushwe siku hiyo hiyo

Kijana mmoja wa Dodoma kaniandikia: "Kaka shikamoo. Nina Impreza ya turbo, imeanza kugonga kwa mbele. Fundi anasema imenoki, nishushe injini. Hela yenyewe sina. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako umenikuta pazuri, maana mwezi huu huu na mimi nimeambiwa maneno hayo hayo, tena na mtu asiye na chembe ya shaka, na leo gari langu linatembea na injini yake ile ile. Bloku haijaguswa. Kwa hiyo naandika nikiwa na raha. Hasira pia ipo, mtanivumilia.

Gari ni Impreza WRX STI ya mwaka 2003, injini EJ207, lita 2, turbo. Asubuhi moja nimeliwasha nyumbani Mbezi, Dar, likaanza: ko-ko-ko-ko. Sauti kavu, inatoka mbele, inafuata mzunguko wa injini. Nikikanyaga mafuta kidogo nayo inaongeza kasi. Injini ikipata moto inafifia, halafu nikisimama kwenye foleni inarudi kwa mbali. Mwenye Subaru ya turbo anaijua hofu hiyo. Unazima redio, unashusha vioo, unaanza kuendesha kwa masikio. Mke wangu akaniuliza mbona siku hizi nakaa kimya garini. Nikamwambia nawaza kazi.

Nikalipeleka gereji moja kubwa mjini, jina sitaji. Kijana akasikiliza kidogo, akamwita bosi wake. Bosi akaja na simu sikioni, hakuinama, hakushika kitu. "Hii imeua metali. Shusha." Metali ni zile beringi nyembamba kati ya kranki, mhimili unaozunguka, na konrodi, mikono inayobeba pistoni. Pembeni yake, juu ya tairi bovu, palikuwa na injini ya mtumba kutoka Japan, matundu yake yamezibwa kwa matambara, namba za yadi zimeandikwa kwa rangi ya njano juu ya bloku. Kabla sijajibu alishanitajia bei yake. Nami nikajiuliza: huyu kapima injini yangu au kapima mfuko wangu?

Niseme ukweli kwa nini jambo hili linaniuma. Zamani nilikuwa na Forester ya turbo. Ilikuwa na mlio, fundi akasema metali, nikaamini, ikashushwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Haikurudi kuwa gari tena. Ikawa inatoa moshi, inavuja, inamisi, na kila nikirudi naambiwa "itazoea." Nikaiuza kwa bei ya kutupa. Mpaka leo huwa naiona maeneo ya Mwenge na stika yangu kioo cha nyuma, inakwenda vizuri tu. Aliyeinunua nilishamuuliza aliifanyia nini. Mengine sisemi.

Tuje kwenye kazi. Kwanza elewa kwa nini Subaru si gari la kufunguliwa kwa kubahatisha. Injini nyingi za silinda zilizopangwa kwa mstari, fundi anaweza kufungua sampu, lile karai la oili, kwa chini, akazifikia metali za konrodi, akatazama, akarudishia. EJ, familia ya injini hizi za Subaru, haiko hivyo. Pistoni zimelala kushoto na kulia, bloku ni nusu mbili zilizofungwa pamoja, na konrodi zimo katikati. Ili uzione metali lazima injini itoke, ifunguliwe yote, bloku ipasuliwe. Yaani "tufungue tuangalie" kwa Subaru ni sawa na kuoverhaul. Hilo ndilo jambo ambalo hawakwambii pale gereji. Kushusha ndiyo hatua ya mwisho kabisa, baada ya vipimo vyote vya bei nafuu kwisha.

Swali la kwanza la kujibu ni hili: inagonga wakati gani? Metali ya konrodi ikianza kufa, mlio huongezeka kadiri injini inavyopata moto, kwa sababu oili inakuwa nyepesi na nafasi kwenye metali iko wazi. Shika mzunguko kwenye 2,000 hadi 3,000 kisha achia mafuta ghafla. Pale unapoachia ndipo metali mbovu inapojisema. Mlio unaokuja asubuhi na kupungua kwa moto una watuhumiwa wengine: pistoni zenyewe zinazocheza kidogo zikiwa baridi, ugonjwa wa kawaida wa EJ na wengi wanaishi nao miaka, au gasketi ya ekzosi inayovuja pale kwenye hedi, kichwa cha injini kilicho juu ya silinda, tik-tik-tik, ambayo chuma kikitanuka kwa moto inaziba yenyewe. Na kuna bati la kuzuia joto. Hili msilidharau. Lile bati juu ya ekzosi likiliwa na kutu linalia chaa-chaa kwenye mzunguko fulani tu, na watu wameshauza magari kwa sababu yake. Dawa yake ni klampu ya hosi.

Kuna pia mlio wa petroli. Ukipanda mlima Kitonga ukiwa gia kubwa, mzunguko uko chini, turbo inasukuma, ukasikia kama changarawe ndani ya kopo, hapo mafuta yanawaka kabla ya wakati wake. Gari hizi zilitengenezwa kwa petroli ya premium ya Japan, ambayo kiwango chao kinaitaka iwe na oktani 96 kwenda juu. Weka petroli bora unayoweza kuipata, shusha gia, ondoa mguu. Mlio huo ukiuacha uendelee ndio unaovunja pistoni, kwa hiyo usiseme "ni mafuta tu."

Na wapo wanaoniandikia kuhusu mngurumo wa boksa, yaani injini hii ya pistoni zilizolala, wakidhani ni ubovu. Ule mngurumo unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, basi. STI yangu haina, maana mabomba yake yanalingana, na kuna watu wananicheka kwa hilo. Wacheke. Tangu dereva Colin McRae ashinde Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, kila kijana wa Afrika Mashariki anataka sauti ile, hata kama chini ya boneti hakuna oili.

Mimi nilitoka pale mjini nikaenda kwa mzee mmoja fundi Tabata. Gereji yake ni mwembe na makontena mawili. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, wanasema metali." Akaitikia, akacheka, akasema, "Liache hapa lilale. Asubuhi nitalisikia likiwa baridi." Hakuliwasha hata mara moja jioni ile. Pale pale nikajua nimefika kwa mtu.

Asubuhi akaliwasha. Ko-ko-ko. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, akazunguka nayo: chini kwenye bloku, pembeni kwenye hedi, mbele kwenye makava ya mkanda. Akanipa na mimi nisikilize. Chini kwenye bloku kelele ilikuwa mbali. Mbele ilikuwa inanipiga sikioni. Akazima, akatoa fani belti zote, akawasha tena kwa muda mfupi. Nikaruka: mzee, gari litachemka! Akaniambia kwenye EJ pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo dakika moja bila fani belti haina shida. Kelele ilibaki. Kwa hiyo si alteneta, si pampu ya steringi, si kompresa ya AC. Unaona? Hajalipwa kitu bado na ameshafuta vitu vitatu.

Akachomoa soketi ya koili, zile zinazotoa cheche, moja moja injini ikiwa inaunguruma. Silinda yenye metali mbovu ukiinyima moto, mlio unapungua au unabadilika kabisa, kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Zangu zote nne hazikubadilisha kitu. (Usiiache imechomolewa muda mrefu, petroli mbichi inakwenda kuharibu katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.)

Halafu oili. Akaimwaga kwenye beseni jeupe safi, akalisogeza juani. Filta akaikata kwa mkasi wa bati. Msumeno hautaki, kwa kuwa msumeno humwaga unga wake wa chuma mle mle na kesho utamsingizia kranki. Akatoa ile karatasi ya ndani, akaikamua, akaitandaza juu ya gazeti, akawa anafungua mkunjo mmoja baada ya mwingine kwa kucha. Alipitisha sumaku, kisha akaiweka pembeni akasema sumaku haishiki metali, maana si chuma. Macho ndiyo yanayoona. Ukiona vimetameta vya rangi ya fedha au shaba, hapo usiwashe tena gari, livutwe. Karatasi yangu ilikuwa nyeusi ya kawaida. Nikashusha pumzi.

Mwisho akafungua makava ya plastiki ya mbele. Mkanda wa taimingi ulikuwa unapigapiga, na tenshona, kile kipande cha haidroliki kinachoukaza, kilikuwa kimelowa oili mwili mzima. Kilishavuja, hakina nguvu, asubuhi kinaruka na kugonga. Hiyo ndiyo "metali" yangu ya milioni kadhaa.

Sasa vijana wenzangu, sikilizeni, maana tatizo haliko kwa mafundi peke yao. Tunanunua gari la mbio, tunaweka magurudumu, tunaweka blow-off, ile valvu ya kupuliza hewa ya turbo, tunabandika stika, lakini ukimwuliza mtu stiki yake ya oili inasoma wapi anakutazama. Hizi injini zinakula oili. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye stiki ni karibu lita nzima, na injini yenyewe inabeba lita 4 hivi. Ikipungua lita moja kisha ukakata kona kwa nguvu, oili inakimbilia upande mmoja, bomba la kunyonyea linanyonya hewa, na metali zinabaki kavu. Stiki ya Subaru nayo ni mbaya kusoma, inapaka oili mpaka juu, kwa hiyo isome asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare. Kila wiki. Ukitoka Dar kwenda Dodoma, soma kabla hujatoka na soma ukifika. Mnapunguza mwendo kwa ajili ya tochi za trafiki, mnashindwa kuinama kuangalia stiki?

Na acheni kukanyaga injini ikiwa baridi. Nimeshasema hili, nitalirudia hata wakinichoka. Na fundi akikwambia shusha, mwulize: umesikiliza ikiwa baridi? Umechomoa koili? Filta umeikata? Akikasirika, chukua ufunguo wako. Gari ni lako, na injini iliyopasuliwa haipasuliwi mara ya pili kwa bei ya mara ya kwanza.

Wewe wa Dodoma hujaniambia inagonga baridi au moto, ndiyo maana sikupi jibu. Ikiwa inazidi kwa moto, zima na ulivute. Ikiwa ni ya asubuhi, anza na makava ya mbele.

Ukikuta ni tenshona, usibadilishe peke yake. Mkanda, puli zake na pampu ya maji vyote viko mle mle. Kikifa kimoja mkanda ukakatika, valvu zinakutana na pistoni. Kama hujui mkanda ulifungwa lini, hesabu kwamba kilomita 100,000 zimeshapita. Tenshona ikihitaji kubanwa kabla ya kufungwa, isimame wima kwenye presi na ibanwe polepole sana, dakika kadhaa, mpaka tundu lilingane na kipini kiingie. Fundi akiibana kwa pupa anapasua sili na unarudi nyumbani na mlio ule ule. Mkanda ukishakaa, kipini kitoke, kisha kranki izungushwe kwa mkono, soketi namba 22, mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, hapo hapo asimame. Alama za kwenye gia za kamshafti na kranki lazima zirudi mahali pake. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi baada ya mizunguko hiyo miwili, na ni sawa, kwa hiyo fundi akitaka kuufungua tena kwa sababu hiyo, mwambie auache.