Raba ipi kwa ubao upi? Mwalimu wa mpira wa meza anajibu

Barua nyingi mara hii zinauliza habari ya raba, ile ngozi inayobandikwa kwenye ubao wa raketi. Nimechagua tatu ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

*Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu aliniletea ubao wa kaboni kutoka Dubai, nami nikabandika raba ya Tenergy 05 pande zote mbili, unene milimita 2.1. Tangu hapo mpira hauniingii mezani. Topuspini, mpira ninaouzungusha kwenda mbele, inatoka nje, na sevu ya mwenzangu nikiigusa tu mpira unaruka juu, napigwa smashi. Ninunue raba gani?*
Kijana wa Likoni

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako alikutakia mema, na vifaa ulivyo navyo ni vya daraja la juu. Tatizo ni kwamba ubao na raba vyote viwili vinafanya kazi moja, kuusukuma mpira, na hakuna cha kuuzuia.

Tenergy 05 ilitoka mwaka 2008, mwaka uleule shirikisho la dunia, ITTF, lilipopiga marufuku gundi zenye kemikali kali zilizokuwa zikiivimbisha sponji iliyo chini ya uso wa raba na kuiongezea kasi. Raba za aina hii zimetengenezwa ili mruko ule utoke ndani ya sponji yenyewe. Hata ukiisimamisha raketi tu mbele ya mpira, mpira unatoka mbio. Ndiyo maana sevu inakurukia: hukuipiga, ni sponji iliyoipiga.

Sasa topuspini. Ili mpira uzunguke ni lazima uzame kidogo kwenye sponji, raba iushike, mkono uuviringishe. Mchezaji aliyekomaa ana mkono wa kasi, mpira unazama hata kwenye ubao mgumu. Mkono wako bado haujafika huko, kwa hiyo mpira unagonga na kutoka kabla raba haijaushika. Mpira usiozunguka hauna cha kuuvuta chini haraka ukishavuka wavu, na meza yote ni mita 2.74 tu.

Fanya hivi. Bandua raba, ushike mpini kwa vidole viwili karibu na sikio, kisha udundishe mpira katikati ya ubao. Mlio mwembamba wa juu ni wa ubao mgumu. Mlio mzito ni wa ubao unaonyumbuka. Halafu utazame ubavuni, uhesabu tabaka. Ule mstari mweusi mwembamba ndio kaboni. Ukiwa chini tu ya tabaka la nje, ubao unarusha mapema. Ukiwa umekumbatia kiini cha katikati, ukipiga polepole utahisi mti kwanza, na kaboni itaamka ukipiga kwa nguvu. Kama wako ni wa aina hii ya pili, kuna matumaini ya kuendelea nao: weka raba isiyo na mruko mwingi, milimita 1.8. Mark V ya Yasaka iko sokoni tangu 1969 na hadi leo inamfundisha mtu kupiga mpira vizuri.

Lakini ukiniuliza mimi, ubao huo uufunge kwa kitambaa uuweke kabatini. Tafuta ubao wa mti mtupu wa tabaka tano, uzito kama gramu 85, na hiyo Tenergy yako ibaki upande wa fohendi, ule wa kiganja, peke yake. Kwenye ubao laini raba hiyo inatulia, nawe utaanza kuusikia mpira. Bekihendi, upande wa mgongo wa mkono, uweke Mark V au inayofanana nayo. Ukicheza hivyo mpaka topuspini yako iingie bila kufikiri, utoe ile kaboni uijaribu tena.

Najua kuna wa kukwambia ununue raba ya Hurricane 3 kwa kuwa ndiyo ya bingwa Mchina Ma Long. Ni kweli Wachina huibandika upande wa fohendi. Uso wake unanata: ile inayonata sana, ukiilaza juu ya mpira na kuiinua, mpira unainuka nayo kidogo kabla ya kuanguka. Lakini sponji yake ni ngumu, haikupi kitu usipotumia miguu na kiuno. Na hapa kwetu Mombasa kuna jambo jingine. Masika yakiingia, hewa inajaa maji, na unyevu unatanda juu ya raba bila wewe kuuona. Raba inayonata ikishapata unyevu, mpira unateleza kama haikunata kamwe. Mwenye kucheza kwenye ukumbi wa madirisha wazi, upepo wa bahari unapita, atakuwa anafuta raba kila baada ya pointi chache. Mimi simpi kijana anayejifunza raba hiyo.

*Mwalimu, mimi najihami, nasimama mbali na meza nikikata mpira. Nataka raba ya vipele virefu, ile yenye vijiti vidogo usoni, upande wa bekihendi. Muuzaji anasema visivyo na sponji ndivyo vinavyowasumbua watu zaidi. Nimsikilize?*
Mkata chopu, Bamburi

Dada yangu, ungekuwa unasimama karibu na meza ukizuia tu, ningesema msikilize. Vipele virefu visivyo na sponji vinausumbua mpira sana pale mezani. Lakini wewe unakata kutoka mbali, na mpira wa topuspini unakufikia na nguvu zake zote. Bila sponji utagonga mti, mpira utakutoka mkononi. Chukua sponji nyembamba, nusu milimita hadi milimita moja. Itaupokea mpira, utapata muda wa kukata chini yake.

Na uelewe kinachotokea ili usije ukailaumu raba. Vipele virefu vinapinda, havishiki mpira. Mpira uliokuja na topuspini unaendelea kuzunguka vilevile, ila sasa unarudi alikotoka, na kwa mpinzani huo ni chopu, mpira unaozunguka kinyumenyume. Akikuletea topuspini nzito, atarudishiwa chopu nzito. Akikusukumia mpira mtupu, utamrudishia mtupu, hata ukate kwa mkono wa namna gani. Wanaojua hili watakunyima spini makusudi, na hapo ndipo unapohitaji fohendi ya kushambulia. Joo Sae-hyuk wa Korea Kusini alifika fainali ya dunia Paris mwaka 2003 akiwa mchezaji wa kujihami, na fohendi yake ilikuwa ya kuogopwa. Kwa hiyo upande wa pili usiweke raba iliyolala: raba laini yenye spini, milimita 1.8, kwenye ubao mpana wa polepole.

Rangi: upande mmoja lazima uwe mweusi. Wa pili uwe mwekundu, au tangu 2021 hata buluu, kijani, waridi au zambarau. Hakikisha raba ina alama ya ITTF na namba yake, na ukiikata, alama hiyo ibaki karibu na mpini mwamuzi aione.

*Mwanangu amenunuliwa raba, na gundi ni ile nyeupe ya maji. Tulibandika usiku, asubuhi raba imeinuka pembeni. Gundi ni mbovu?*
Mzazi, Tudor

Gundi haina ubaya, bwana. Haikupewa muda wa kukauka. Paka safu nyembamba kwenye sponji na nyingine kwenye ubao, kisha usubiri mpaka weupe wote uishe na gundi ionekane kama kioo. Kwa hewa yetu hii yenye unyevu inachukua muda mrefu kuliko wanavyoandika kwenye chupa. Feni inafaa, jua halifai kabisa, linaikausha na raba yenyewe. Penye weupe hata kama tone, usibandike. Anzia kwenye mpini, uilaze raba polepole kuelekea juu bila kuivuta, uisukume kwa chupa ya kioo itoe hewa, halafu ukate ukingo kwa wembe mpya na uiweke chini ya vitabu vizito hadi kesho yake.